Ndege Iliyogandia Morogoro

Ndege yangu ilikuwa haifiki Dodoma. Ilipaa vizuri tu kutoka uwanja wa hapa Kipawa, ikapita juu ya Kibaha na Chalinze bila shida, lakini milima ya Uluguru ikianza kujitokeza upande wa kushoto, inaganda. Picha inasimama, inaruka, inasimama tena. Navuta mkono wa kuongozea, ndege inanijibu baadaye sana, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini. Mara mbili niliangukia upande wa Kilosa.

Nazungumzia ndege ya kwenye kompyuta, mtu asije akadhani nina leseni ya urubani. Mimi ni mtunza stoo ya vipuri vya pampu za maji, elimu yangu ni kidato cha nne, na ndege ya kweli nimepanda mara moja tu maishani. Lakini jioni nikitoka kazini, au Jumamosi asubuhi, huketi sebuleni, nikashika mkono wa kuongozea nilionunua mtumba, nikaondoka. Kwa mwendo wa ndege yangu ya injini mbili, Morogoro nafika ndani ya dakika ishirini na kitu. Na kwa miezi miwili mizima safari zangu zote zilikuwa zinaishia hapo.

Kwa ajili ya jambo hilo nilikaribia kuuza pikipiki yangu.

Nieleze kwanza pikipiki hiyo ni nini kwangu. Nilipomaliza shule Tabora niliingia kwenye timu ya wachimba visima, na kwa zaidi ya miaka kumi na tano sikuwa na anuani. Tulikuwa Singida mwezi huu, mwezi ujao Sumbawanga, halafu Tunduru, halafu tunarudi Nzega kuchimba palepale tulipokosa maji mwaka uliopita. Nilikuwa nalala kwenye hema, kwenye madarasa wakati wa likizo, kwenye nyumba za wageni zenye kitanda kimoja na ndoo moja. Sikuwahi kukaa mahali muda wa kutosha kuoa, au ndivyo ninavyojitetea. Timu ilipovunjika nikaja Dar, nikapata kazi ya stoo, nikapanga hapa Kipawa, na kitu cha kwanza nilichonunua, kabla ya kitanda, kilikuwa pikipiki. Ijumaa jioni nilikuwa naangalia ramani, Jumamosi alfajiri niko barabarani. Nimefika Lushoto nayo, nimefika Kilwa, nimefika Iringa nikiwa nimelowa hadi ndani ya soksi na nikafurahi kama mtoto. Jumatatu nipo stoo, nahesabu boliti, na hakuna anayejua nilikuwa wapi.

Kisha mama akaanguka.

Aliteleza uani kwake Tabora, akavunjika nyonga. Baba alishafariki, dada zangu wameolewa mbali, kwa hiyo alipotoka hospitali nilimchukua nikamleta kwangu. Anatembea kwa fimbo ndani ya nyumba, lakini safari ndefu daktari amemkataza. Jirani yangu ni mwalimu wa sekondari Segerea, na mchana mkewe huja kukaa na mama. Usiku na mwisho wa wiki ni zamu yangu. Sikulalamika, na sasa pia silalamiki, lakini tangu mama aje pikipiki yangu haijavuka Mto Ruvu. Iliishia kwenda stoo na kurudi, kama punda wa kinu.

Ndipo ile kompyuta ikawa ndiyo njia yangu pekee ya kutoka. Na kilichonishangaza ni kwamba ikawa na abiria. Mama alianza kwa kuniuliza ninachofanya pale, nikamwambia narusha ndege. Akavuta kiti chake. Nikamwonyesha paa za Kipawa, nikamwonyesha bahari, akauliza kama ile ndege inaweza kufika Tabora. Nikamwambia inafika, ni saa moja na nusu tu.

“Basi twende,” alisema. “Mie nimejiandaa.”

Na kweli alikuwa amejiandaa. Siku ya kwanza alivaa kitenge chake kizuri. Tukafika Morogoro, tukaganda. Kesho yake tena, na keshokutwa. Mama hakuwa mtu wa kuchoka haraka. Alikuwa mke wa karani wa reli na alizoea magari moshi yanayosimama porini bila maelezo. Lakini baada ya wiki ya tatu nilimsikia akimwambia mke wa mwalimu kwamba mwanawe ana ndege, ila ni ya Morogoro tu.

Maneno hayo yaliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilijua Tabora kwa njia nyingine yoyote hatafika tena.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Programu yenyewe ilikuwa imejisasisha karibu na wakati ule matatizo yalipoanza, kwa hiyo nilikuwa na mshtakiwa tayari: programu imekua, kompyuta yangu imebaki ndogo. Niliuliza kwenye kundi letu la watu wanaorusha ndege za kompyuta. Ni watu wa kila aina, yumo daktari wa meno, yumo mwenye duka la nondo. Mmoja akasema ni kadi ya picha, milima ina vitu vingi vya kuchora na kadi yangu ni ya zamani. Mwingine akasema kadi haina kosa, ni prosesa. Wa tatu akataka picha ya kompyuta yangu nzima, nikamtumia, akajibu kwamba hiyo ni ya kuchezea karata. Wakabishana siku mbili, na mwisho wakakubaliana: ninunue prosesa mpya, ubao mpya wa kuibeba, na kadi mpya ya picha. Maana yake kompyuta nyingine.

Bei yake ilikuwa karibu sawa na bei ya pikipiki. Sikuwa na kitu kingine cha kuuza.

Niliwaza wiki nzima. Nilijiambia kwamba pikipiki siendi nayo popote, na kwamba stoo naweza kwenda kwa daladala kama watu wengine. Nilijiambia mama ana miaka yake na mimi pikipiki naweza kununua tena nikiwa na hamsini. Yote hayo ni kweli, na bado kila nilipotoka asubuhi nikaikuta uani na umande kwenye kiti, nilikuwa naifuta taratibu mno.

Mwalimu alisikia kwa mkewe. Akaja jioni moja, akaizunguka pikipiki mara mbili mikono ikiwa nyuma, kama anasimamia mtihani. Ni mtu mnene, mpole, mwenye kuzungumza polepole. Akasema amechoka kugombania magari asubuhi, anataka kufika shuleni shati likiwa bado limenyooka. Tukaelewana bei bila kubishana, jambo ambalo nilitamani angalau libishaniwe. Akasema atakuja Jumapili akitoka kanisani.

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi nilimbeba mgonjwa wangu, yaani kompyuta, kwenda Ukonga, kwa fundi mmoja ambaye sote tunamwita Ami. Ukoo wao ni Waarabu wa siku nyingi hapa. Baba yake alikuwa anauza na kutengeneza redio katika chumba hichohicho, na bado kuna redio mbili za mbao juu ya kabati ambazo haziuzwi. Sikuenda kwake kutafuta tiba. Nilikwenda anipe bei ya sehemu chache ambazo zingeweza kuuzwa kutoka kwenye ile ya zamani. Akasema hanunui kitu asichokiona kikifanya kazi. Akaiunganisha na kioo chake, akaniambia nirushe.

Nikarusha. Kibaha, Chalinze. Nikamwambia, Ami, sasa angalia, hapa ndipo inapougulia. Uluguru ikatokea. Ndege ikapita laini kabisa. Dodoma ikaja, nikaiona kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili, na nikakaa pale kama mtu aliyepeleka mtoto hospitali na mtoto akaanza kucheza mpira mapokezi.

“Sasa hii unataka kuiuza kwa sababu gani?” Ami aliuliza.

Nikamweleza kwamba nyumbani inaganda. Akaniangalia, akasema inawezekana umeme wa kwetu ni hafifu. Nikarudi na tumaini. Mama alinipokea mlangoni, akaniuliza mgonjwa anaendeleaje, nikasema amepona. Nikaiweka mahali pake, nikaunganisha, na baada ya chakula tukaondoka wote wawili. Uluguru ilipotokea, tukaganda.

Ijumaa nikampigia Ami simu. Akasema nimletee tena. Nikambebea tena, nikiwa nimeifunga kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki kwa mipira, na mwendo ule wa polepole kutoka Kipawa hadi Ukonga nikaufanya nikijua huenda ni wa mwisho wa aina yake. Kwake ikafika Dodoma bila kutetereka. Akaipima umeme, akaifungua, akapuliza vumbi, akaifunga. Nikairudisha nyumbani. Ikagandia Morogoro.

Kufikia hapo nilikwisha kukata tamaa. Nilimwambia mama kwamba Jumapili pikipiki inaondoka na wiki ijayo tutakuwa na kompyuta mpya. Akauliza kama hiyo mpya nayo itakuwa na umbo kama hili, maana atahitaji vipimo. Sikumwelewa, na sikuuliza.

Jumamosi asubuhi Ami akaja mwenyewe. Nilikuwa sijamwita. Alisema hajalala vizuri, kwa sababu katika maisha yake hajawahi kuona mashine inayoumwa mtaa mmoja tu. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia mama kwa heshima zote, mama akaitikia marahaba, akaagiza chai. Kisha Ami akageuka kuitazama kompyuta ilipokaa, na hapo akasimama.

Inabidi nieleze sebule yangu ilivyokuwa siku zile. Mama ni fundi wa kufuma. Alipokuja kutoka Tabora alikuja na sanduku moja la nguo na mfuko mmoja mkubwa wa nyuzi, na kwa kuwa mguu ulimkalisha, mikono ilifanya kazi. Makochi yalipata vitambaa mgongoni na kwenye mikono. Runinga ikapata, friji ikapata, redio, meza, hata chupa ya chai ilikuwa na kofia yake. Katika nyumba tuliyokulia ndivyo ilivyokuwa: kitu cha thamani hakiachwi uchi. Na kompyuta, akijua jinsi ninavyoithamini, aliifumia kitambaa kikubwa kuliko vyote, cheupe, kizito, chenye maua ya waridi pembeni, kinachoshuka pande zote mpaka karibu na meza. Kila nilipoibeba kwenda Ukonga alikivua, akakikunja. Kila niliporudi alikuwa wa kwanza kuivalisha.

Mimi nilikuwa nimekiona kitambaa kile kila siku kwa miezi miwili. Nilikuwa nimekiona kama mtu anavyouona ukuta wa kwao.

Ami aliweka kiganja juu ya maua ya waridi. Nilikuwa nimeiwasha tangu asubuhi. Akauondoa mkono wake haraka.

“Mama,” alisema kwa upole, “hiki kitambaa umefuma mwenyewe?”

“Mwenyewe, baba. Siku kumi na moja.”

“Ni kizuri sana. Mke wangu akikiona sitalala. Ila huyu anapumulia kichwani. Matundu yake ya kutolea joto yako huku juu.”

Mama aliitazama kompyuta, akanitazama mimi, akairudia kompyuta.

“Mie ningejuaje kama pua yake iko utosini?” alisema. “Na huyu mwenye nayo, aliyesoma, alikuwa wapi?”

Ami alikuwa ameinamia chai yake na mabega yanamtikisika. Alinieleza baadaye, kwa ufundi wake, kwamba mashine ikipata joto kupita kiasi inajipunguza nguvu yenyewe isije ikaungua, na kwamba dakika ishirini ndiyo muda wake wa kuchemka chini ya uzi mzito namna ile. Milima ya Uluguru haikuwa na hatia. Ningekuwa na ndege ya taratibu zaidi, ningegandia Chalinze na kuilaumu Chalinze.

Nilichowaza kwanza hakikuwa Tabora wala pikipiki. Niliwaza ile kompyuta mpya. Nilijiona nimeileta, imemeza pikipiki nzima, nimeiweka pale mezani, na mama ameipima, na baada ya siku kumi na moja ameivalisha. Na sisi tumeganda tena Morogoro. Nikaketi.

Swali likabaki kitambaa. Nilikuwa natafuta namna ya kusema bila kumuumiza, lakini mama alikuwa ameshakivua na kukiweka mapajani, anakigeuzageuza. Akamuuliza Ami matundu hayo yana upana gani. Ami akachukua penseli, akaandika upande wa nyuma wa risiti, wakainamiana wawili pale kama wanakata gauni la harusi. Ami akamwambia asifunike juu wala nyuma, ila mbele na ubavuni, akitaka, sawa. Mama akasema hawezi kumfunika mtu mbele tu mgongo uko nje, si heshima, basi bora iachwe ilivyo na yeye atazoea. Kitambaa kikahamia kwenye cherehani, kitu pekee sebuleni kilichokuwa bado uchi.

Ami alikataa malipo. Akasema atamsimulia kila mteja mpaka afe, na hayo yanatosha.

Alipoondoka tulirusha. Mama alikwenda kubadilisha nguo kwanza, nikamsubiri kwenye njia ya kurukia na injini zinazunguka. Tulipaa, tukaiacha Chalinze. Uluguru ilipotokea nilijikuta nimeshika pumzi, naye alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Ikapita. Baada ya hapo hatukuongea sana. Dodoma ikapita, Manyoni ikapita, nchi ikawa ya kahawia na tambarare, ile niliyoichimba matundu kwa miaka yangu yote ya ujana. Nilimwonyesha Itigi, nikamwambia pale tuliwahi kukwama siku tisa, tunakula viazi. Akasema hakuwahi kujua. Nikagundua kwamba sikuwahi kumsimulia chochote; nilikuwa nampelekea pesa na salamu.

Tabora ikaja. Programu haiujui mji vizuri, imeweka nyumba kwa kubahatisha, lakini reli imeiweka kweli. Nilishuka chini kadiri nilivyoweza, nikaifuata. Mama alisogeza uso mpaka karibu na kioo.

“Stesheni ile,” alisema. Kisha, baada ya muda: “Watu wako wapi?”

Nikamwambia hawakuwaweka, ni majengo tu na miti.

“Ndiyo maana pametulia,” alisema. “Zunguka tena.”

Nilizunguka mara nne. Mara ya nne nilimwangalia nikaona ameegemea kiti, ameridhika, kama mtu aliyeshuka kwenye gari moshi na kukuta mzigo wake umefika wote.

Sasa ikabaki Jumapili. Furaha yangu ilikuwa na doa moja tu, nalo ni mwalimu. Hatukuandikiana chochote, lakini nilikuwa nimempa neno langu, na mkewe ndiye anayekaa na mama yangu. Nilijaribu maneno kadhaa kichwani asubuhi nzima na yote yalikuwa na harufu ya utapeli. Nikakubaliana na nafsi yangu kwamba akisisitiza nitampa, kwa sababu ni haki yake.

Alikuja saa saba, na suti ya kanisani, na chini ya kwapa amebeba helmeti mpya kabisa, nyekundu, bado ina nailoni.

Nilimketisha. Nikamsimulia yote tangu mwanzo, kundi la marubani, Ukonga kwenda na kurudi, kitambaa. Hakucheka popote, hata pale mama aliposema kutoka jikoni kwamba nisisahau kueleza ni nani aliyesoma. Nilipomaliza nikamwambia kwamba pikipiki kweli siitaki kuiuza tena, lakini nilimpa neno, na neno bado ni lake.

Mwalimu aliitazama helmeti iliyokuwa magotini.

“Braza, nikwambie ukweli,” alisema. “Mie sijui kuendesha.”

Nilidhani sijasikia.

“Nilikuwa nimepanga kujifunza wiki hii. Mke wangu hajui kama sijui. Tangu Jumatano nimeshindwa kula.” Alivuta pumzi ndefu, akaitoa. “Wewe ndiyo umeniokoa, si kitambaa.”

Mama alileta chai, akatukuta wanaume wawili wazima tunacheka mpaka machozi, akaweka sinia mezani na kuondoka bila kuuliza. Mwalimu akala maandazi manne. Alipotaka kuondoka akaiangalia tena ile helmeti, akasema dukani hawairudishi.

Nikamuuliza asubuhi anatoka saa ngapi.

Sasa ni muda tangu siku ile. Saa kumi na mbili na nusu huwa nasimama mbele ya geti lake, naye anatoka na shati lililonyooka, helmeti nyekundu kichwani, mkoba wa madaftari kifuani. Segerea si njia yangu ya kwenda stoo, nazunguka. Ni mzito, na kwenye matuta ananishika mabega na kusema polepole, polepole. Nampeleka hadi mlango wa shule, namshusha, na wanafunzi wanampisha. Halafu nageuza pikipiki, na kabla sijaitafuta stoo yetu Vingunguti napita kwanza njia ndefu ya nyuma ambayo sina sababu yoyote ya kuipita.